Injini Hupashwa Moto Njiani, Si Mlangoni

Mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, umekaa milimani karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu hulala mabondeni mpaka jua liwe limepanda, na alfajiri joto hushuka hadi karibu digrii 10 za Sentigredi, pengine chini ya hapo. Askari anayehamishiwa huko kutoka Gulu au Arua hujifunza mambo mawili katika juma lake la kwanza: kwamba koti si pambo, na kwamba gari lililozoea kuwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo sasa hukohoa, hutetemeka na kutoa moshi mweupe.

Hapo ndipo inapozaliwa desturi inayoonekana kambini, katika kota za polisi na katika nyumba za raia. Dereva huamka, huwasha injini, huikanyagia mafuta mara nne au tano mpaka ilie, kisha huingia ndani kuoga na kunywa chai. Gari hubaki likinguruma peke yake kwa robo saa, hata nusu saa, na moshi wake huingia madirishani. Anaporudi huamini kwamba ameitendea injini wema. Kwa kweli ametenda mabaya matatu: ameichakaza injini, amechoma mafuta bure, na amewahatarisha watu waliolala ndani ya nyumba.

BARIDI HUFANYA NINI

Injini ni vyuma vinavyosuguana kwa kasi kubwa. Kinachovizuia visilane ni utando mwembamba wa oili. Gari linapolala usiku kucha, oili nyingi huteremka na kutulia chini, ndani ya sampu. Asubuhi ufunguo unapozungushwa, pampu huivuta oili hiyo na kuisukuma hadi kwenye beringi na juu kabisa kwenye vali. Oili baridi ni nzito. Kila mama wa nyumba anajua jinsi samli inavyokataa kutoka chupani asubuhi ya baridi, na jinsi inavyotiririka ikisogezwa karibu na jiko. Kwa hiyo sekunde za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, na dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu wakati huo huvisukuma vyuma vikimbie kabla oili haijavifikia.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, na kwa sababu hiyo injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili iweze kuwaka. Sehemu ya petroli hiyo haiungui. Hushika kwenye kuta za silinda, huosha oili iliyopo hapo, kisha huchuruzika hadi kwenye sampu na kuifanya oili yote iwe nyepesi.

Jambo la tatu ni maji. Si wengi wanaojua kwamba lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji. Injini ikiwa moto, maji hayo hutoka kama mvuke kupitia bomba la moshi na hayaonekani. Injini ikiwa baridi, sehemu yake huganda kuwa matone. Ndiyo maana bomba la moshi hudondosha maji asubuhi. Matone mengine hubaki ndani ya injini, yakachanganyika na oili na kuwa ute wa rangi ya maziwa unaoonekana chini ya kifuniko cha oili.

Kutokana na hayo, mtu mwenye busara hutaka kipindi hicho cha ubaridi kiwe kifupi iwezekanavyo. Na hapa ndipo desturi ya kuliacha gari mlangoni inaposhindwa. Injini inayonguruma bila kufanya kazi hutoa joto kidogo sana, kwa hiyo hupata moto polepole mno. Injini inayovuta gari kwa mwendo wa wastani hupata moto upesi. Anayeliacha gari likisimama nusu saa hurefusha jambo lile lile alilotaka kulifupisha.

DESTURI HIYO ILITOKA WAPI

Haifai kuwacheka wazee walioianzisha. Land Rover na malori ya Bedford ya zamani yalitumia kabureta, na petroli ya asubuhi iliongezwa kwa kuvuta choki kwa mkono. Choki ikirudishwa mapema, injini ilizimika kwenye njia panda. Dereva wa siku hizo alilazimika kusubiri kidogo, kusikiliza sauti ya injini, na kuirudisha choki hatua kwa hatua. Mwenye gari la aina hiyo hadi leo hana budi kufanya vivyo hivyo, ingawa kwake pia dakika chache zatosha, na choki isisahauliwe ikiwa imevutwa.

Tangu miaka ya 1980 na 1990 magari mengi yaliacha kabureta. Magari madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, ambayo yamejaa katika barabara za Uganda, hupimiwa petroli na chombo cha umeme kinachosoma joto la injini na kutoa kipimo kinachofaa, bila ya dereva kugusa kitu. Kwa magari hayo ule ungojeaji mrefu umekosa sababu. Mazoea yamebaki, sababu imeondoka.

BARIDI YA KABALE SI BARIDI YA MOSCOW

Pengine atatokea msomaji wa historia ya vita aulize: mbona majeshi makubwa yaliyapasha magari yao moto kwa saa nyingi? Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 1941, jeshi la Ujerumani lilipokaribia Moscow, baridi ilifika digrii 30 chini ya sifuri na kuzidi. Oili iliganda, betri zikakosa nguvu, na askari wakawasha mioto chini ya magari au kuziacha injini zikinguruma usiku, huku mafuta yenyewe yakiwa haba. Warusi walikuwa wenyeji wa baridi hiyo na walijiandaa. Kifaru chao cha T-34 kilikuwa na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, ambayo iliweza kuizungusha injini pale umeme uliposhindwa.

Lakini baridi hiyo na ya Kabale hazilingani. Katika milima ya Kigezi oili haigandi kuwa jiwe; huwa nzito tu. Tena hata katika nchi za theluji desturi imebadilika. Huko Kanada, penye baridi kali, magari hufungiwa hita ya umeme inayoipasha injini kabla haijawashwa. Nchini Ujerumani sheria ya barabarani inakataza kuiacha injini ikinguruma bila sababu. Ikiwa wanaokwangua barafu kwenye vioo vya magari wanaweza kuondoka bila kungoja nusu saa, dereva wa Kabale anaweza pia. Na kuwasha moto chini ya gari, penye petroli na oili inayovuja, ni jambo la watu waliokata tamaa vitani. Halifai kuigwa uani.

NAMNA YA KUFANYA

Kabla ya kuwasha, dereva atazame kiwango cha oili na cha maji, kwa kuwa injini baridi ndiyo inayoonyesha kipimo cha kweli. Azime taa, redio na feni ili betri ipumzike. Gari likiwa la gia za mkono, akanyage klachi hadi chini. Hivyo stata haitalazimika kuzungusha oili nzito ya sanduku la gia pamoja na injini. Azungushe ufunguo kwa sekunde zisizozidi 10. Injini ikikataa, angoje nusu dakika kabla ya kujaribu tena, kwa maana stata na betri nazo huchoka.

Injini ikiwaka, mguu usiguse mafuta. Macho yatazame taa nyekundu ya oili. Taa hiyo yapaswa kuzimika katika sekunde chache tu. Isipozimika, injini izimwe mara moja na fundi aitwe. Ikizimika, dereva angoje kati ya nusu dakika na dakika moja, muda unaotosha kufunga mkanda, kupangusa umande kwenye vioo na kuhakikisha kwamba hakuna kuku wala mtoto chini ya gari. Kisha aondoke polepole.

Neno "polepole" ndilo lenye uzito. Kwa kilomita 8 au 10 za kwanza injini isilazimishwe kukimbia wala kuvuta mzigo mkubwa kwa gia kubwa. Sindano ya joto ikifika mahali pake pa kawaida, bado si ruhusa ya kukimbia ovyo, kwa sababu sindano hiyo hupima maji, na oili huchelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa.

Sajini mzoefu wa magari humfundisha konstebo kijana somo hili kwa maneno machache. Humkuta amesimama kando ya gari linalonguruma.

"Umeliwasha tangu lini, kijana?"

"Tangu saa kumi na mbili, afande. Sasa limeshapata moto."

"Zunguka nyuma. Shika difu kwa mkono wako."

Kijana huinama, hushika, na huikuta difu baridi kama jiwe la mtoni.

"Na sanduku la gia? Na beringi za magurudumu? Hayo yote umeyapasha kwa kusimama?"

Hapo kijana huelewa. Gari si injini peke yake. Oili ya gia, oili ya difu, grisi ya magurudumu na hata mpira wa matairi hupata joto kwa njia moja tu, nayo ni mwendo.

PENYE MLIMA MLANGONI

Wakaao Kabale wana shida ambayo watu wa tambarare hawaijui: nyumba nyingi ziko chini ya mlima au juu yake, na safari huanza kwa kupanda. Anayeelekea Kisoro hukutana na kona na vilima mapema mno. Dereva wa namna hiyo yafaa angoje dakika mbili au tatu, au achague kwanza njia iliyo sawa ikiwa ipo. Akianza kupanda, atumie gia ndogo na mizunguko ya wastani. Kuilazimisha injini baridi ipande kwa gia kubwa huku ikigonga na kutetemeka ni vibaya sawasawa na kuikimbiza.

DIZELI, TURBO NA MALORI

Injini ya dizeli haina cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Chuma kikiwa baridi, joto hilo hupungua, na ndiyo sababu dizeli nyingi zina plagi za hita. Ufunguo ukiwekwa hatua ya kwanza, taa ya njano yenye mchoro wa waya uliojisokota huwaka. Dereva asizungushe stata mpaka taa hiyo izimike. Wengi hawana subira hiyo ya sekunde chache, kisha hulaumu betri.

Gari lenye turbo lataka heshima ya pekee. Gurudumu la turbo laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na beringi zake hutegemea oili ya injini. Kulikanyagia mafuta gari la namna hiyo mara tu linapowaka ni kuzizungusha beringi hizo zikiwa kavu. Jioni nako, baada ya kupanda mlima mrefu, injini iachwe ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili turbo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Lori lenye breki za hewa ni jambo mbali. Hilo hulazimika kusubiri, si kwa ajili ya injini bali kwa ajili ya breki. Mitungi isipojaa hewa, breki hazifanyi kazi ipasavyo. Dereva asiondoe lori mpaka geji ya hewa ifike mahali palipoelezwa na mtengenezaji na kengele ya hatari inyamaze. Anayeshuka mlima na askari 30 nyuma bila kutimiza hayo hacheki na chuma. Anacheza na roho za watu.

WITO WA GHAFLA

Polisi wa zamu atasema kwamba mwizi hangoji injini ipate moto, wala mama mwenye uchungu wa kujifungua hangoji. Ni kweli, na katika saa ya hatari uhai hutangulia injini. Lakini gari la dharura huandaliwa jioni. Lilale chini ya paa ikiwezekana. Vichwa vya betri visafishwe na kukazwa. Oili iwe ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Katika namba kama 15W-40, tarakimu ya kabla ya herufi W huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na ikiwa ndogo, oili hufika juu mapema. Tarakimu ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Gari lililotunzwa hivyo huondoka katika nusu dakika, na mita mia chache za kwanza zikiendeshwa kwa utulivu hazimcheleweshi mtu.

KOSA LA KUTOA THEMOSTATI

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki, wakiletewa gari linalochemka, hutoa themostati na kuitupa. Chombo hiki kidogo ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, hufungwa na kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta. Joto likifika kati ya digrii 80 na 90, hufunguka. Kikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na katika baridi ya Kabale injini hiyo yaweza kutembea asubuhi nzima bila kufikia joto lake la kazi. Hula mafuta zaidi, oili huchafuka, na hita ya ndani hupuliza hewa baridi. Gari linalochemka litafutiwe chanzo, kama vile rejeta iliyoziba, feni mbovu au kifuniko kilicholegea. Themostati mpya ni bei ndogo kuliko injini.

MOSHI NDANI YA NYUMBA

Yaliyotangulia yanahusu chuma na fedha. Injini ya gari dogo inayonguruma imesimama hula lita 1 ya petroli kwa saa, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kituo chenye magari 10 yanayoachwa robo saa kila asubuhi kwaweza kupoteza lita 75 kwa mwezi. Hasara hiyo hulipika. Ya moshi hailipiki.

Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushika katika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, miguu hulegea. Aliye usingizini hasikii dalili yoyote. Huendelea kulala, wala haamki. Na injini baridi ndiyo inayotoa gesi hiyo kwa wingi zaidi, kwa kuwa imepewa petroli nyingi, na chombo cha kusafishia moshi, kwenye gari ambalo bado linacho, hakifanyi kazi kabla hakijapata moto mkali.

Kwa hiyo gari lisiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika moja, na mlango ulio wazi nusu si kinga ya kutosha. Lisiachwe likinguruma chini ya dirisha la chumba cha kulala, hasa katika kota ambazo nyumba zimepangana ukuta kwa ukuta. Watoto wa shule wasiketishwe ndani ya gari linalonguruma "wapate joto" huku baba akinywa chai. Bomba la moshi likiwa limetoboka, gesi hupanda kupitia sakafuni. Tena mtoto akichezea breki ya mkono au gia, gari lenyewe litaondoka naye.

Gesi hiyo hiyo hutoka katika sigiri ya makaa inayoingizwa chumbani usiku wa baridi. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayowadanganya watu. Sigiri ikae nje, na blanketi liongezwe.

Akikutwa mtu amezidiwa, milango na madirisha yafunguliwe kwanza, injini izimwe au makaa yatolewe, naye apelekwe penye hewa safi na kisha hospitali, hata akisema kwamba amepata nafuu.

KWA KIFUPI

1. Gari litolewe nje ya banda mara linapowaka.
2. Injini isikanyagiwe mafuta ikiwa baridi.
3. Dereva angoje taa ya oili izimike, kisha nusu dakika hadi dakika moja. Penye mlima mlangoni, dakika mbili au tatu.
4. Mwendo uwe wa upole kwa kilomita 8 hadi 10.
5. Lori la breki za hewa lingoje hewa ijae.
6. Themostati ibaki mahali pake.
7. Gari linalonguruma lisiachwe peke yake, wala na watoto ndani.

Dereva akizishika kanuni hizi hatapoteza lolote asubuhi ila ule muda wa chai. Na chai, yafaa inywewe kabla ya kuwasha gari.